Nani Amekasirika Nyumbani Mwetu

Jumatatu, 14 Oktoba

Daftari hili nimepewa na Yasmina, dada wa hospitali anayewafundisha wagonjwa kusema upya. Ameniambia niandike kila siku kile mume wangu anachoweza na asichoweza. "Lugha yoyote, madame, ila uandike." Basi naandika Kiswahili cha shule, kile mama yangu, aliyekuwa mwalimu Kalemie, alichotufundisha kwa fimbo. Mdomoni nina Kiswahili cha Likasi kama watu wote wa kwetu, "njo" badala ya "ndio", "juu" badala ya "kwa sababu". Mkononi nina cha mama.

Hénock anaweza: kumeza uji mzito, kuinua mkono wa kushoto, kunitambua. Hawezi: mkono na mguu wa kulia, na maneno. Hata moja. Mdomo umevutwa upande. Jumatatu iliyopita alikuwa kazini Saint-Gilles, hapa Brussels, akitengeneza lifti na kumsimulia mwenzake kisa cha kuchekesha, kisha akanyamaza katikati. Mwenzake akadhani anangoja kuchekewa. Akacheka. Ndipo akamwona Hénock anateleza ukutani.

Jumatano, 16 Oktoba

Nusu sahani. Neno: hakuna.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimerudi kazini kwa Madame Liliane, karibu na Flagey. Ana miaka themanini na tatu. Asubuhi tatu kwa wiki namsaidia kuoga, kula na kunywa dawa. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Sasa macho yake yamekufa katikati, anaona kingo za vitu tu. Kwa hiyo saa ya mwisho huwa namsomea karatasi zake. Anamalizia kufasiri kibao cha udongo cha Wahiti, watu waliotawala huko iliko Uturuki leo. Siku ya kwanza nilimwambia Wahiti nawajua, Uria mume wa Bathsheba alikuwa Mhiti. Alicheka sana. Alisema miaka arobaini kwenye jengo hili hakuna jirani aliyewahi kumwambia hivyo.

Leo aliuliza mbona sauti yangu imeshuka. Nikamweleza kuhusu Hénock. Akanituma nichukue jalada la buluu, nisome.

Nilisoma habari za mfalme wa Wahiti aliyekuwa safarini kwenye gari la farasi. Dhoruba ikaja, mungu wa radi akanguruma, mfalme akashikwa na hofu, na neno likawa dogo kinywani mwake. Likawa linatoka kwa shida. Miaka ikapita, jambo hilo likamfuata hadi ndotoni, na katika ndoto moja mkono wa mungu ukamgusa, na mdomo wake ukaenda upande.

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, karatasi mkononi, kama mtu anayesimama Injili inaposomwa. Miaka elfu tatu na mia tatu imepita, na huyo ni Hénock.

"Wakafanya nini?" nikauliza.

"Wakauliza ni mungu gani aliyekasirika. Walisoma maini ya kondoo, wakaangalia ndege wanavyoruka, vizee wa kike wakapiga kura. Walipompata, wakatoa ng'ombe dume. Mfalme akaweka mkono juu yake, wakampeleka ng'ombe hekaluni pamoja na nguo alizovaa mfalme siku ile ya radi."

"Akapona?"

"Kibao hakisemi, Gracieuse."

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua. Hénock amesema "ee". Nilipiga kelele za furaha mpaka muuguzi akaja mbio. Kisha tukagundua anasema "ee" kwa kila kitu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kibao anachofasiri Madame si kile cha jalada la buluu; hiki ni orodha ya maswali, mstari baada ya mstari. Mfalme ni mgonjwa. Wanamuuliza mungu: Je, umekasirika kwa ajili ya sikukuu iliyosahauliwa? Kama ndiyo, ini la kondoo liwe baya. Ini likawa baya. Je, ni hiyo tu, hakuna nyingine? Kama ni hiyo tu, ini liwe zuri. Ini likawa baya. Basi ipo nyingine. Wanawaita watumishi wa hekalu, wanawahoji. Watumishi wanakiri kwamba mbwa aliingia akala mkate wa mungu. Wanarudi kwa mungu: Je, ni mbwa?

Mfalme mwenye majeshi na magari ya vita anauliza habari za mbwa! Kwetu mchungaji akiota ndoto moja, siku hiyohiyo tunajua mchawi ni nani. Hawa waliuliza, wakauliza, na mwisho wakauliza tena kama wamemaliza.

Jumatatu, 4 Novemba

Hénock amerudi nyumbani Schaerbeek. Ghorofa ya tatu, na lifti ya jengo letu mbovu. Yeye, fundi wa lifti, amebebwa kwa ngazi na vijana wawili. Aliitazama lifti ile wakati wanampitisha. Nusu ya uso wake ilicheka.

Yasmina atakuja mara nne kwa wiki. Amemfundisha ishara mbili za mkono wa kushoto: kidole gumba juu, ndiyo, kiganja chini, hapana. Anakosea mara nyingi.

Alhamisi, 7 Novemba

Keren binti yetu amepiga simu kutoka Liège, anakosoma. Alimwimbia baba yake. Gumba, gumba, gumba.

Jumapili, 10 Novemba

Dady amekuja baada ya ibada. Ni mdogo wake Hénock, humwita Ya, yaani kaka; ana miaka sita hapa Brussels, na ndiye kiongozi wa kikundi chao cha maombi. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Maman Keren, batu ya Likasi banapiga simu kila siku. Tante, dada ya Papa, aliota. Aliona Papa amesimama mu mulango, anatupatia mugongo. Ile maladie haiko ya bure."

Nikamwambia daktari amesema ugonjwa huu ni presha.

"Bon, presha. Na presha ilitumwa na nani? Papa alikufa, Ya Hénock hakuenda kumuzika. Miaka onze! Papa amekasirika."

Nilitazama kule alikoketi Hénock. Sikujua kama amesikia. Lakini niseme ukweli kwenye daftari langu: maneno ya Dady yaliniingia. Miaka hiyo kumi na moja iliyopita, baba mkwe, Papa Constant, alipokuwa anakufa Likasi, karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado zinachunguzwa. Hénock angetoka, asingerudi. Sikumwambia baki wala nenda. Alibaki, na hakusema kitu. Yeye aliyesema kila kitu.

Jumapili, 17 Novemba

Walikuja watu sita wa kikundi cha Dady, wakaimba vizuri. Dady akapiga magoti mbele ya kiti cha Hénock, akaushika mkono wake wa kulia, ule uliokufa, akaanza kusema kwa niaba yake: "Papa, ni mimi Hénock, mutoto wako wa kwanza. Nilikukosea. Nilikuacha ukafa kama muntu bila mutoto. Nilipenda Ulaya kuliko wewe. Nisamehe, fungua kinywa yangu." Alikuwa analia kweli. Watu wote wakasema Amina, nami nikasema, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hénock alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia. Wakasema ni pepo anatoka.

Jumatatu, 18 Novemba

Hajala.

Jumanne, 19 Novemba

Hajala. Nikimpa kijiko anageuza uso ukutani. Yasmina alipofika, Hénock alifunga macho, hakuyafungua mpaka Yasmina alipoondoka.

Jumatano, 20 Novemba

Vijiko vinne vya supu. Mimi hanitazami. Daktari amesema wiki hizi ndizo ambazo ubongo unajifunza, zikipita hazirudi, na asipofanya mazoezi nafasi yake kwenye kituo cha kuwafundisha upya wagonjwa atapewa mwingine mwezi wa kwanza.

Dady amesema kwenye simu: "Unaona? Pepo iko inapigana. Tutarudia maombi."

Nikamwambia angoje. Mara ya kwanza kumwambia hivyo.

Ijumaa, 22 Novemba

Theluji ya kwanza, imeyeyuka kabla ya mchana. Nililia nikimchana nywele Madame Liliane, machozi yakamdondokea shingoni.

Nikamweleza yote. Nikasema, "Hénock amekasirika na sijui kwa nini, na hawezi kuniambia."

Alisema polepole: "Anaweza kujibu ndiyo na hapana?"

"Anakosea, madame. Huwezi kumwamini."

"Hata ini la kondoo huwezi kuliamini." Akanishika kifundo cha mkono. "Sikiliza walivyofanya. Jibu moja hawakuliamini. Swali lilelile waliligeuza, palipotakiwa ini zuri pakatakiwa baya, wakauliza tena. Majibu yakipingana, walitupa yote mawili wakaanza upya. Halafu hawakuuliza 'kwa nini', kwa sababu mungu hana mdomo wa kujibu 'kwa nini'. Walikata jambo kubwa vipande vidogo. Na jibu likiwa si zuri wala si baya, ni swali ndilo lililokatwa vibaya."

Nimewahi kumlisha mwanamke huyu uji, na leo amenyoosha mkono mpaka kwa wafalme waliokufa, akanipa walichokuwa nacho.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimejaribu. "Jina lako Hénock?" Gumba. "Jina lako Dady?" Gumba. Nimeacha.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimemweleza Yasmina. Hakunicheka. Amesema nianze na mambo yanayojulikana, nimpe muda, nihesabu hadi kumi kabla sijauliza tena, nisimjibie. "Wewe huwa unamjibia, madame. Hata mimi nikimuuliza, jibu linatoka kwako."

Imeniuma. Ni kweli.

Jumatano, 27 Novemba

Maswali ishirini ya mambo yanayojulikana. Sahihi kumi na nne.

Alhamisi, 28 Novemba

Sahihi kumi na saba. Amekula nusu ya ndizi. Bado hanitazami.

Jumapili, 1 Desemba

Sikwenda ibadani. Asubuhi jua lilikuwa limeingia mpaka kitandani, jambo la ajabu kwa mwezi huu. Nikaleta kiti, nikakaa upande wake wa kushoto. Naandika yote nisije nikasahau.

"Papa Keren, uko na hasira?" Nikahesabu. Gumba.

Nikageuza. "Uko na furaha?" Kiganja.

"Ni juu ya mimi?" Gumba. "Ni juu ya mimi tu?" Kiganja.

"Juu ya Dady?" Gumba.

"Hutaki Dady akuje hapa?" Kiganja. "Unataka akuje?" Gumba. Basi si kuja kwake.

"Ni ile maombi?" Mkono ukainuka, ukabaki hewani, si juu wala chini. Nikakumbuka maneno ya Madame na nikakata upya. "Ni kuomba Mungu njo hutaki?" Kiganja. "Ni maneno Dady alisema?"

Gumba, kwa nguvu mpaka bega likatikisika.

"Maneno juu ya Papa?" Gumba. Akaanza kulia, zaidi kwa jicho la kushoto kuliko la kulia.

Hapo nikaogopa. Nilikuwa kama mtu aliyefika mlangoni mwa nyumba aliyoishi miaka ishirini na mitano akakuta chumba asichokijua. Nikauliza kwa sauti ndogo: "Papa amekukasirikia?" Kiganja. Nikageuza: "Papa alikufa na amani na wewe?" Gumba, bila kusubiri.

"Ulitaka kwenda?" Gumba.

"Mimi njo nilikuzuia?" Nilihesabu hadi kumi na sijawahi kuhesabu hesabu ndefu kama ile. Kiganja.

"Karatasi?" Mkono ukaning'inia hewani.

Nikafikiri. Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye neno lake lingemzuia Hénock.

"Papa mwenyewe? Papa alikuambia usikuje?"

Gumba likapanda. Halikushuka. Aliliinua juu kama anayebeba taa, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na nne.

Niligeuza, maana nilijifunza kugeuza. "Papa alikuambia ukuje?" Kiganja. "Kwa simu?" Gumba. "Na alikuambia usimwambie muntu?" Gumba.

Miaka kumi na moja. Kila mwezi wa saba, mwezi aliokufa Papa, simu zinatoka Likasi, wewe uliyemwacha baba, wewe Mzungu, na yeye anaitikia ndiyo, ndiyo, nisameheni. Baba aliyekuwa anakufa alimfungua mtoto wake asipoteze karatasi, kisha akamfunga mdomo. Mtoto akatii. Na sasa, alipokosa ulimi kabisa, ndugu yake amepiga magoti akakiri dhambi hiyo kwa jina lake, na mimi nikasema Amina.

Nilishuka chini kwenye zulia. Nikauliza la mwisho, kama wao. "Ni hiyo tu? Hakuna ingine?" Kiganja.

"Ni juu nilisema Amina?"

Gumba.

"Nisamehe, Hénock. Niliongea mahali pako." Nikasubiri. Hakuonyesha gumba wala kiganja. Mkono ulikuja kichwani kwangu, ukakaa.

Ameomba chakula kwa mkono saa saba. Amekula ugali kidogo na samaki. Na nyanya.

Jumatatu, 2 Desemba

Yasmina amefanya naye kazi dakika arobaini. Hénock amesema "ma" na "pa". Nafasi ya kituo wataitunza.

Jumanne, 3 Desemba

Nimempigia Dady, nikamweleza habari ya Papa na ile simu. Nilikosea, jambo kama hili si la simu.

"Nani alikuambia? Ye mwenyewe hasemi! Uko unacheza na vidole vya mugonjwa, Maman Keren, unapata mambo unataka." Nikasema niliuliza mara mbili mbili. "Miye njo nilimushika Papa kichwa! Miye! Ye alikuwa huku. Unataka kunifundisha Papa?" Akakata.

Nilikasirika mpaka nikaosha vyombo vilivyo safi. Lakini neno moja limebaki sikioni, jinsi alivyosema "miye". Halikuwa la kiburi.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimemsimulia Madame. Aligeuza uso dirishani, kwenye mwanga.

"Miaka hamsini," alisema, "nimeandika kwamba vibao hivi ni urasimu wa makuhani. Maswali yasiyokwisha, maini, ndege. Niliwafundisha wanafunzi kucheka kidogo." Akatafuta mkono wangu. "Hakuna anayemuuliza mtu maswali mia kama hataki mtu huyo arudi."

Tukasoma mistari minane. Niliisoma taratibu. Nilisikia watu mle.

Jumapili, 8 Desemba

Dady amekuja peke yake, bila Biblia, koti lake limelowa. Amesimama mbele ya kaka yake kama askari.

"Nitauliza miye mwenyewe. Wewe, belle-soeur, shemeji yangu, usiseme kitu."

Nikasogea mlangoni.

"Ya Hénock. Ile siku Papa alikupigia. Ilikuwa siku ya Mungu?" Kwa Jumapili, kiganja. "Ilikuwa jeudi?" Kwa Alhamisi, kiganja. "Ilikuwa mardi?" Kwa Jumanne, gumba.

Dady akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakaa.

Aliniambia mimi, lakini macho yalikuwa kwa kaka yake. "Mardi Papa alitufukuza wote mu chumba. Akabaki na simu. Nilisimama nyuma ya mulango, sikusikia kitu. Sikumwambia hata muntu moja." Akapangusa uso, akamgeukia Hénock. "Siku zote nilifikiri aliniita muchafu. Nilifikiri alikuambia: Dady hanichungi muzuri." Akamwinamia. "Alisema mubaya juu ya miye?"

Kiganja.

"Alisema muzuri?"

Gumba.

Nilikwenda jikoni. Mwanamume huyu nilimchukia wiki tatu. Alikuwa na miaka thelathini na sita alipomwosha baba yake, akamgeuza, akamlisha, na kila jioni akisikia baba anauliza habari za Hénock. Sasa alikuwa anauliza swali moja moja, na kati ya swali na swali kulikuwa na kimya, na kwenye kile kimya nilimsikia akihesabu chini chini, moja, mbili, tatu. Hakuna aliyemfundisha kuhesabu.

Jumanne, 10 Desemba

Dady tena, baada ya kazi. Maswali.

Alhamisi, 12 Desemba

Dady. Ameleta maandazi. Hénock: "ma-ma", mara tatu, halafu "mavi", akacheka mwenyewe. Yasmina asema matusi hurudi mapema.

Jumatatu, 16 Desemba

Dady amepiga simu Likasi mbele yetu, akamwambia tante kwamba ile ndoto waliisoma vibaya. Tante amekasirika. Sawa.

Jumapili, 22 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Tumekula watu watatu, wali na maharage na kuku. Nilikuwa natoa sahani Dady alipovuta kiti karibu.

"Ya Hénock, siku zote miye njo nauliza. Wewe, uko na swali kwangu?"

Gumba.

Dady akanitazama, akashindwa pa kuanzia. Swali la kulitafuta swali, hilo hata Madame hajanionyesha. Nikamwonyesha kwa mkono: kata vipande.

"Ni juu ya Papa?" Gumba. "Ni juu ya ile simu?" Kiganja. "Ni juu ya maziko?" Mkono hewani. "Ni mbele ya maziko?" Gumba. "Ile siku alikufa?" Gumba, na bega.

Nilimwona Dady anaelewa. Miaka kumi na moja alikuwa amemlaumu kaka yake kwamba hakuwapo, na hakuwahi kumsimulia.

"Unataka nikuambie namna alikufa. Yote?"

Gumba likapanda, likabaki juu.

Niliweka sahani chini, nikakaa nami. Dady akaufunika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaushusha polepole juu ya goti.

"Bon," akasema. "Asubuhi aliamka muzuri. Aliomba maji ya moto. Nikamuosha miguu..."